Saa ya mjomba inasema 96

Jumapili iliyopita nilifika Arua, mkoa wa West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, nikamkuta mjomba amelala huku amekaa. Mito mitatu mgongoni, kichwa kimeanguka kifuani. Mkononi amevaa saa ya kupima oksijeni ya damu, aliyotumiwa na binti yake aliyeko Uingereza, na jamaa wote pale sebuleni wametulia: oksijeni asilimia 96, mzee hana neno. Nikamwuliza usiku analalaje. Akanijibu kwa sauti ya kukatika, "Nikilala chali, mwanangu, nazama." Kila asubuhi kichwa humuuma mpaka saa nne.

Hiyo 96 ilinichoma moyo. Mjomba ana ugonjwa wa neva za mwendo, na ugonjwa huo hauli mapafu. Unaua neva zinazoamrisha misuli, na kiwambo, kile kilicho chini ya mapafu kinachovuta pumzi, nacho ni msuli. Kikilegea, pumzi inakuwa fupi, hasa usingizini, na kaboni dioksaidi inabaki mwilini usiku kucha. Ndiyo maana kichwa kinauma alfajiri, ndiyo maana mtu anasinzia mchana akiwa katikati ya maneno. Oksijeni ya mchana inaweza kuonekana nzuri muda mrefu na kushuka mambo yakiwa yameshaharibika. Tumeweka mlinzi mlango wa mbele, mwizi anapita dirishani, na kila asubuhi tunamshukuru mlinzi.

Na hata hiyo oksijeni, imepimwa kwa ngozi ya nani? Vipimo hivi husoma mwanga unaopita kwenye ngozi. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kipimo cha kidoleni, kile cha hospitalini kabisa, kilishindwa kuona upungufu kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya weupe. Na teknolojia hii ilianzia Japani miaka ya 1970, zaidi ya miaka arobaini kabla! Mjomba wangu ni mweusi wa West Nile, mweusi tititi. Anayetuuzia saa atuambie aliijaribu kwenye mikono mingapi kama huu.

Nakubali jambo moja, kwa shingo upande. Kutoka hapa hadi Kampala ni karibu kilomita 500, na mtu asiyeweza kuishikilia shingo yake hafai kupakiwa basi la usiku ili akapimwe tu. Kifaa kinachofuatilia jinsi mkono unavyozidi kulegea wiki hadi wiki, kikampelekea daktari habari hizo, kingemwokoa na safari nyingi. Ila daktari huyo awepo, na azisome.

Tumeanza daftari. Amelala saa ngapi, mito mingapi, kichwa, sauti, amepaliwa mara ngapi akinywa uji. Mke wake anaandika kila asubuhi kabla hajawasha jiko.

Jioni binamu, yule binti yake wa Uingereza, alipiga simu kuuliza saa inasemaje. Sikumsomea 96. Nilimwambia, "Baba halali, dada. Tafuta mashine ya barakoa ya kumsaidia kupumua usiku, na betri yake, maana umeme wa huku unaujua."