Ziara ya basi Ujerumani: tupunguze miji, Herrnhut iingie

Ratiba za ziara ya Ujerumani zinazozunguka kwenye simu za wanakwaya na wazee wa kanisa hapa Mbeya zinafanana sana. Berlin, Wittenberg, Leipzig, Erfurt, Eisenach, Dresden, halafu Nuremberg au Prague, kisha uwanja wa ndege. Basi moja, mwongozaji mmoja, karibu kila siku mji mpya. Nimesafiri na kikundi cha namna hiyo, pamoja na wazee walionilea katika imani, na ninawaomba wanaochanga fedha sasa hivi wasilipie ratiba hiyo kama ilivyo. Miji ipungue, na Herrnhut, mji mdogo walikotoka wamisionari wa Moravian waliokuja kwetu, uingie.

Siibezi ziara ya kikundi. Vijana wetu wanasema ukitaka kuujua mji uzunguke peke yako, na kwa kijana mwenye magoti mazima anayejua Kiingereza au Kijerumani hilo linawezekana. Kwa mama wa miaka sabini kutoka Tukuyu, ambaye hajawahi kupanda treni ya chini ya ardhi, basi la kikundi ndiyo njia pekee ya kufika salama. Mizigo inabaki garini, mtafsiri yupo, na akichoka yupo wa kumshika mkono.

Ila basi lina sheria zake, na wengi wetu hatuzijui tunapokubali ratiba. Katika nchi za Umoja wa Ulaya dereva akiendesha saa nne na nusu lazima apumzike dakika 45, na kwa kawaida haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa tisa kwa siku. Kifaa garini kinarekodi kila kitu. Sisi tuliozoea basi la alfajiri kutoka Nane Nane hadi Dar es Salaam tulimwona dereva mkaidi alipokataa kuondoka kituoni. Alikuwa anatulinda, na ningefurahi sana kuiona sheria hiyo ikifuatwa mlima Kitonga. Tena mitaa mingi ya kale basi haliingii. Linawashusha pembeni, mnatembea juu ya barabara za mawe. Kwa hiyo mji uliopangiwa saa tatu, ukitoa kushuka, choo, kuhesabiana na kurudi, unabakiwa na saa moja na kitu.

Wittenberg ndiko nilikoumia kwa jambo hili. Kutoka Berlin ni kama kilomita 100, karibu sawa na Mbeya hadi Tunduma, na kila Mlutheri wa kwetu amesikia habari zake tangu kipaimara. Mlango wa Kanisa la Ngome tuliopigia picha ni wa shaba, uliwekwa mwaka 1858, na hoja 95 za Martin Luther zimeandikwa juu yake kwa Kilatini. Ule wa mbao wa zamani uliteketea kwa moto wa vita mwaka 1760. Ndani ya kanisa kuna kaburi la Luther. Hayo mwongozaji aliyasema vizuri. Lakini mwendo mfupi kutoka hapo, kwenye ukuta wa nje wa Kanisa la Mtakatifu Maria alimokuwa akihubiri Luther, kuna sanamu ya nguruwe iliyochongwa kuwadhihaki Wayahudi, yenye umri wa miaka 700 hivi. Chini yake, tangu mwaka 1988, kuna kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa. Mwaka 2022 mahakama ya juu ya Ujerumani iliamua kwamba sanamu inaweza kubaki.

Hapo wazee wetu walisimama. Mmoja akauliza kama Luther mwenyewe aliiona na alisema nini. Aliiona, na mwaka 1543 aliandika maneno makali sana dhidi ya Wayahudi. Swali likazaa swali: kanisa lifanye nini na sanamu kama hiyo, libomoe au liache watu waone? Ni mazungumzo ambayo sijayasikia katika semina yoyote ya nyumbani. Na yakakatwa katikati, kwa sababu Leipzig ilikuwa inasubiri.

Eisenach ina ngome ya Wartburg, Luther alikojificha tangu Mei 1521 hadi Machi 1522 na kutafsiri Agano Jipya kwa majuma kama kumi na moja. Inafaa kuonwa, ila mwinuko ni mkali kwa wazee. Dresden ina kanisa la Frauenkirche lililoporomoka baada ya mabomu ya Februari 1945, likajengwa upya na kuwekwa wakfu Oktoba 2005. Msalaba wa juu yake ulitengenezwa na fundi wa Uingereza ambaye baba yake alikuwa rubani katika mashambulizi yale.

Kutoka Dresden, Herrnhut ni kama kilomita 80 tu, na haikuwamo kwenye ratiba yetu. Lawama si za kampuni pekee, maana kampuni huuza miji inayoulizwa. Lakini kikundi cha watu wa Mbeya na Rungwe kupita hapo bila kuingia, kwangu ni hasara kubwa. Mji huo ulianzishwa mwaka 1722 na wakimbizi wa imani kutoka nchi ya Moravia, katika shamba la kabaila Zinzendorf. Mwaka 1732 wakaanza kutuma wamisionari, na mwaka 1891 Theodor Meyer na wenzake wakafika Rungwe. Neno la kila siku tunalolisoma asubuhi, Zinzendorf alilianzisha huko mwaka 1728, na hadi leo mafungu ya Agano la Kale huchaguliwa Herrnhut kwa kura. Na ibada ya Pasaka makaburini kabla jua halijachomoza? Ya kwanza ilifanywa na vijana wa Herrnhut mwaka 1732. Makaburi yao yako mlimani pale, mawe yamelazwa chini, yanafanana, wa cheo na asiye na cheo sawasawa. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza mji huo katika Urithi wa Dunia.

Walutheri wa Konde, Njombe na Iringa nao wana deni lao Berlin, maana Misheni ya Berlin iliingia Unyakyusa mwaka huohuo wa 1891. Lakini Berlin isiwe ya makanisa tu. Muombeni mwongozaji awapeleke mtaa wa Wilhelmstraße, palipokuwa namba 77 ya zamani, ulipofanyika mkutano wa kugawana Afrika kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi tarehe 26 Februari 1885. Jengo halipo tena, limebaki bango. Kesho yake, tarehe 27, Kaisari alitoa hati ya ulinzi iliyompa Carl Peters na chama chake nguvu juu ya Usagara, Uzigua, Ungulu na Ukami. Kisha mwende Makumbusho ya Historia ya Asili mkaone mifupa ya dinosaria wa Tendaguru, Lindi, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13. Ilichimbwa kati ya mwaka 1909 na 1913 na mamia ya Watanganyika, msimamizi wao akiwa Boheti bin Amrani, na kubebwa vichwani hadi bandarini. Jina hilo mlitaje mbele ya mwongozaji. Msiogope kwamba mtamkwaza: Rais Steinmeier wa Ujerumani mwenyewe aliomba msamaha Songea kwa maovu ya ukoloni wa Kijerumani tarehe 1 Novemba 2023.

Ili maswali hayo yawepo, kikundi kianzie hapa nyumbani. Kodini basi siku moja mwende Rungwe, na siku nyingine Kalenga, mkaone fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lililorudishwa mwaka 1954 kutoka Bremen, baada ya kutajwa katika kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa 1919. Nauli yake ni ndogo sana ukilinganisha na tiketi ya ndege.

Pendekezo langu kwa kamati ni hili: Berlin, Wittenberg siku nzima na kulala hukohuko, Leipzig, kisha Herrnhut usiku mbili, mkipitia Dresden. Nuremberg na Prague zitoke. Erfurt na Eisenach ziingie tu kama wazee wenyewe wanazitaka. Kampuni ikisema ratiba haibadiliki, mkumbushe kwamba kikundi kinachojaza basi zima kina haki ya kuchagua vituo, na kama bado inakataa, tafuteni nyingine kabla hamjalipa malipo ya kwanza. Wamoravian waandike mapema Herrnhut kupitia jimbo lao. Nyumba za wageni zipo, na kwa Pasaka nafasi huwahi kujaa.