Zimeni Moto Kwanza, Ndipo Mtuuzie Nyungunyungu

Katika mkutano wa wakulima uliofanyika hivi karibuni mjini Hindi, huku kwetu Lamu, Kenya, alisimama bwana mmoja aliyevaa kwa unadhifu usiopatana kabisa na vumbi la mahali pale, akatuuzia nyungunyungu. Walikuwa wekundu, wembamba, wametiwa ndani ya ndoo yenye kifuniko, na kando yao zilipangwa chupa za maji yaliyochujwa kwenye kinyesi chao, kila moja kwa bei ambayo mkulima wa huku hawezi kuitaja bila kukohoa kwanza. Tuliahidiwa kwamba tukiwamwaga viumbe hao mashambani, rutuba iliyopotea itarejea. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Biashara yake haikuniudhi, kwa kuwa kila mtu ana haki ya kutafuta riziki. Nilichoshindwa kukistahimili ni kwamba, alipokuwa akiyasema hayo, biwi la majani ya mwembe na mabua ya mahindi lilikuwa likiwaka nyuma ya mgongo wake, na hakuna aliyeliona kuwa ajabu.

Nyungunyungu wa ndoo, ambaye wataalamu humwita Eisenia fetida, ni mla taka anayeishi juu juu, katika lundo la samadi na majani yanayooza, penye unyevu na chakula tele. Ukimmwaga katika mchanga wa shamba lililofyekwa na kuchomwa, hatamaliza msimu. Anamfaa sana mtu anayetengeneza mboji ndani ya pipa nyuma ya jiko, na hapo, kwa shingo upande, nakubaliana na mwuzaji. Wanaoufanyia kazi udongo wa shambani ni wengine, wa rangi ya kijivu au ya waridi iliyofifia, ambao huishi humo humo ardhini na, ukavu wa kaskazi unapozidi, hushuka chini, hujikunja na kulala mpaka mvua za masika ziwaamshe. Hao tunao tayari na hatukuwalipia hata senti. Tunawaua kwa njaa.

Thamani ya kazi yao haikugunduliwa jana. Mwaka 1881, miezi michache kabla ya kufariki, mwanasayansi Mwingereza Charles Darwin alichapisha hesabu zake kwamba katika sehemu nyingi za Uingereza nyungunyungu hupitisha matumboni mwao na kuleta juu zaidi ya tani 10 za udongo mkavu katika kila ekari kwa mwaka. Humeza udongo pamoja na mabaki ya mimea, huusaga tumboni, na kinyesi wanachoacha huwa na naitrojeni na fosforasi katika hali ambayo mizizi inaweza kuifyonza. Matundu wanayotoboa nayo huyaingiza maji ya mvua ardhini badala ya kuyaacha yatiririke. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliokusanya majaribio mengi ya nchi mbalimbali, ulionyesha kwamba penye nyungunyungu mavuno huongezeka kwa wastani wa asilimia 25. Mwingine wa mwaka 2023 ulikadiria kwamba wanachangia takriban asilimia 6.5 ya nafaka ya dunia, na katika Afrika kusini mwa Sahara mchango huo hufikia asilimia 10, kwa sababu huku mbolea ya dukani ni haba.

Lakini utafiti ule wa 2014 ulikuwa na jambo jingine ambalo wauza chupa hulikalia kimya. Manufaa hayo huonekana zaidi pale mabaki ya mimea yanaporudishwa shambani, kwa kuwa nyungunyungu haumbi naitrojeni. Huifungua ile iliyokwisha fungwa ndani ya jani. Sasa sisi, kabla ya kila masika, tunafanya nini? Tunakusanya majani ya mwembe na mkanju, makuti makavu, mabua, tunayapanga kwa bidii ya kupamba harusi, kisha tunayatia kiberiti. Karibu naitrojeni yote iliyokuwamo hupaa na moshi. Jivu linalobaki lina potasiamu na fosforasi, ni kweli, na moto hupunguza magugu, hilo nalo nalikiri. Ila upepo na mvua ya kwanza hulichukua jivu hilo kabla mhindi haujatoa jani la tatu. Halafu tunapanga foleni ya mbolea, tukiomba isiwe ya bandia kama ile iliyozua zogo nchi nzima mwaka 2024. Nimemwuliza mzee mmoja jirani yangu kwa nini huchoma, akanijibu, “Mwanangu, shamba chafu ni aibu.” Nilinyamaza kwa heshima yake, lakini aibu yenyewe naiona kwingine: katika shamba jeupe kama sahani iliyorambwa, ambalo ukilichimba jembe zima hukuti kiumbe hata mmoja.

Trekta linalogeuza udongo kila msimu nalo huvunja njia za nyungunyungu, na baadhi ya dawa za wadudu huwaua moja kwa moja. Kwenye mchanga mtupu watabaki wachache hata ukiwatunza, na huko mchwa hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, japo hakuna anayewauza kwa ndoo.

Tena kisiwani Lamu tuna punda kwa maelfu, na kinyesi chao hufagiwa vichochoroni kila kukicha kama kero, ilhali mifuko ya mbolea inavushwa kwa mashua kutoka bara. Anayetaka kuwalisha nyungunyungu wake na aombe kinyesi hicho. Wenye punda watamshukuru kwa kuwapunguzia kazi. Asikimwage kibichi, kwa sababu lundo jipya hupata joto la kuwaua. Alirundike kivulini, alinyunyizie maji, alifunike kwa makuti yale yale aliyokusudia kuyachoma, na likishapoa alitandaze chini ya minazi yake mvua zinapoanza.