Herufi za Sonara Zisomwe Mwisho

Anayeuziwa kipambo cha fedha cha zama za Malkia Victoria, kiwe bruchi, kikuku au kidani chenye kifuniko, kwa kawaida hukigeuza na kutafuta kwanza herufi mbili au tatu za sonara, na akizipata hukimbilia jina kubwa linaloafikiana nazo. Kwa maoni yangu, huko ni kuanza na mwisho. Herufi hizo zina maana, lakini hazijitoshelezi, na anayezisoma kabla ya alama nyingine amejiandaa kudanganyika.

Tangu 1739 sheria ya Uingereza iliwataka masonara watumie herufi za mwanzo za majina yao, na katika mji kama Birmingham, uliokuwa na mtaa mzima wa karakana za vito, waliolingana herufi walikuwa wengi. Kinachowatenganisha mara nyingi ni umbo la fremu inayozunguka herufi, au nukta iliyo kati yake, mambo ambayo hayaonekani bila lenzi. Tena, herufi hizo ni za yule aliyekipeleka kipambo kupimwa na kukubali dhamana ya ubora wake, naye aliweza kuwa mwenye duka asiyewahi kushika nyundo.

Ndiyo maana naona ni busara kuanza na alama za ofisi ya upimaji, yaani ofisi iliyopima usafi wa fedha na kukipiga kipambo alama zake. Simba anayetembea huthibitisha fedha ya sehemu 925 kwa 1000. Kichwa cha chui ni London, taji ni Sheffield, miganda mitatu ya ngano na upanga ni Chester, na nanga ni Birmingham, mji ulio mbali kabisa na bahari. (Husimuliwa kwamba nanga na taji zilitokana na jina la baa moja ya London walimokutana waliokuwa wakidai ofisi hizo mbili, zilizoanzishwa 1773.) Herufi ya mwaka, inayoonyesha mwaka kipambo kilipopimwa, nayo haisomeki bila kuujua mji: London ilitumia herufi 20, kuanzia A hadi U bila J, ikaanza upya 1856, 1876 na 1896 kwa kubadili mtindo wa maandishi, ilhali Birmingham ilikuwa na mfululizo wake. Penye kichwa cha malkia, ushuru wa fedha ulikwisha lipwa, na ushuru huo uliondolewa 1890. Mji na mwaka vikishajulikana, orodha ya masonara wenye herufi zile hupungua sana, na hapo ndipo herufi zinapoanza kusema.

Mtego ninaouona mzuri kuliko yote ni wa kampuni ya Gorham ya Providence, Marekani, ambayo alama yake ni simba, nanga na herufi G. Mwenye haraka husoma Birmingham na mwaka fulani, kumbe G ni Gorham. Mwingine ni herufi E, P, N na S, kila moja ndani ya fremu yake kana kwamba imepigwa na ofisi, nazo zinaeleza tu aloi ya shaba, nikeli na zinki iliyopakwa fedha kwa umeme.

Vipambo vingi vidogo havina alama yoyote, kwa kuwa sheria ilivisamehe vingi kati ya vitu vyepesi, na bruchi za Uskoti zenye mawe ya akiki ni mfano unaokutana nao mara kwa mara. Sioni aibu katika hilo. Ninayoitilia shaka zaidi ni alama yenye kingo kali juu ya kipambo ambacho nakshi zake zimelika.

Kuna pia alama ya umbo la almasi, iliyotumika kati ya 1842 na 1883 kusajili michoro. Hiyo huonyesha siku mchoro uliposajiliwa, si siku kipambo kilipotengenezwa, lakini madaftari ya usajili yamehifadhiwa katika nyaraka za taifa huko Kew, na humo jina la msajili limeandikwa kwa ukamilifu, jambo ambalo herufi mbili haziwezi kulifanya.

Kwa hiyo ningependa wauzaji waandike wanachokiona: herufi, umbo la fremu, mji na mwaka, kisha waongeze kwamba sonara hajatambuliwa. Bei ikishuka kwa sababu hiyo, basi ilikuwa imepandishwa na kubahatisha.