Unga mweusi wa betri: tunaogopa kisicho chenyewe?

Fundi simu mmoja wa Darajani alinipasulia betri iliyovimba, bila glavu wala barakoa (usijaribu nyumbani). Ndani ikatoka karatasi ndefu ya shaba iliyopakwa unga mweusi. Akaukwangua kwa ukucha. "Masizi tu haya, ami." Akajifuta suruali, akaendelea na urojo wake.

Si masizi. Ni kinywe (grafiti), madini kama yale ya Mahenge. Kinywe kimekaa kama mkate wa kusukuma, tabaka juu ya tabaka. Ukichaji simu, lithiamu hupenya katikati ya tabaka, ukiitumia, hutoka. Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester walibandua tabaka hizo kwa utepe wa gundi hadi ikabaki moja, grafini, na mwaka 2010 wakapata Nobeli. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, wakaleta jamaa yake, maksini, ya titani na kaboni. Hivi ni vitu vya kupimwa kwa nanomita, na unywele mmoja una unene wa nanomita 80,000 hivi.

Wanaovishangilia kwa ajili ya betri na vichujio vya maji wana hoja. Aliyekaa gizani Unguja tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, laini ya umeme kutoka bara ilipoharibika, haelezwi faida ya kuhifadhi umeme. Mimi kinachonivuta zaidi ni maji. Visima vya vijiji vya pwani, kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe, huingiliwa na chumvi. Maji hayo ukiyapitisha kati ya bamba mbili za vitu hivi zenye umeme mdogo, chumvi hunasa kwenye tabaka na maji hutoka yamepungua ukali. Kwa maji ya bahari yenyewe njia hii hailipi, lakini kwa kisima chenye chumvi kidogo inafaa.

Wenye wasiwasi wanataja mapafu. Mwaka 2021 Kanada ilitahadharisha watu wasivae barakoa zenye grafini, kisha miezi michache baadaye ikaruhusu baadhi yake. Mwaka 2024 watafiti wa Edinburgh walitoa matokeo ya watu 14 waliovutishwa oksidi ya grafini (grafini iliyoshikana na oksijeni) safi sana kwa saa chache. Hawakuona madhara ya haraka. Inatia moyo, ila saa chache si miaka kumi kiwandani.

Mimi naona hofu imekaa mahali pasipo pake. Maksini ya kwanza ilipatikana kwa tindikali ya hidrofloriki, inayokula alumini iliyo katikati ya tabaka na kuziacha tabaka zenyewe. Ikikudondokea huenda usisikie uchungu papo hapo. Inazama hadi mfupani, inanyang'anya mwili kalsiamu, na moyo unaweza kusimama. Siku hizi wengine hutumia chumvi ya floridi na tindikali nyingine, wakidai njia hiyo ni salama zaidi. Kweli kwa kiasi, lakini tindikali ileile huzaliwa humo humo chunguni.

Na haiko maabara tu. Betri nyingi za simu zina chumvi ya lithiamu yenye florini. Ikikutana na unyevu hutoa gesi ya tindikali hiyohiyo. Unyevu Darajani haununuliwi. Kwa hiyo yule fundi, anayedharau unga, ana cha kuogopa zaidi ya unga.

Betri iliyofungwa vizuri naikubali leo, iwe ya kinywe au ya maksini, mradi anayeiuza aipokee ikifa, isiishie jaa la Kibele. Kichujio cha kisima bado. Maksini ikikaa majini huharibika polepole ikawa oksidi ya titani, maana yake kichujio kitachoka, na vipande vyake huenda vikaingia kwenye ndoo. Muuzaji anioneshe kwanza kipimo cha maji yanayotoka, si yale yanayoingia tu, na aniambie kikichoka nakirudisha duka gani.