Masafa mafupi yasizimwe, kuna watu bado wako baharini

Kila idhaa ya redio ikiyaacha masafa mafupi (shortwave) hutoa sababu ile ile: wasikilizaji wamepungua. Wamepungua kweli. Hapa Tanga, barazani Ngamiani, wazee wanakunywa kahawa na Dira ya Dunia ya BBC inaingia saa kumi na mbili unusu jioni kupitia FM, sauti safi kabisa, na vijana wana simu zao. Lakini nani alianza kumwacha mwenzake? BBC iliyaondoa matangazo yake ya Kiswahili kwenye masafa hayo mwaka 2011. Deutsche Welle ikafunga mtambo wake wa Kigali Machi 2015. Machi 2025 Sauti ya Amerika ikanyamazishwa na serikali yake yenyewe. Mtu anazungusha kitufe usiku, anakuta ukimya, halafu anahesabiwa kuwa yeye ndiye aliyehama!

Gharama nazielewa. Mtambo wa kilowati 250 unakula umeme si mchezo. Na mjini usikivu umeharibika: taa za LED na chaja za simu zinatoa mkoromo unaomeza stesheni ya mbali. Chomoa chaja, zima king'amuzi, utashangaa mtangazaji anavyorudi.

Mimi namfikiria mvuvi aliyekwenda dago. Watu wa Kigombe, Sahare na Moa wanajua maana yake: unahama na wenzako, mnalala visiwani, mnafuata samaki. Huko mnara wa simu haushiki, na FM haivuki mbali upeo wa macho. Masafa mafupi hupanda juu, yakagonga ayonosfia, lile tabaka la hewa yenye chaji ya umeme huko juu angani, yakarudi chini maelfu ya kilomita kutoka yalikorushwa. Kinachohitajika ni betri za redio na waya wa shaba, ncha moja kwenye antena, nyingine juu ya mlingoti. Sauti inakuja, inazama kidogo, inaibuka tena, na hakuna bando linalokatwa.

Tazameni Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilipiga Mafia tarehe 4. Tarehe 12 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika, intaneti ikawa ya kubahatisha nchi nzima. Je, nyaya zingetangulia kukatika, na kimbunga kikafuata? Na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa. Njia inayoweza kufungwa kwa swichi moja haitoshi kuwa njia pekee.

Nchi hii iliwahi kuyathamini masafa hayo. Radio Tanzania Dar es Salaam iliwapa wapigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji na ANC ya Afrika Kusini muda wa kuzungumza na watu wao walioko ng'ambo ya mipaka. Na mtambo wa Dole kule Unguja, kwenye kilohezi 11735, umewahi kupokewa na wapenzi wa redio mpaka Ulaya. Utaalamu huo tulikuwa nao wenyewe.

Ninachoomba TBC na ZBC, mashirika ya utangazaji ya Bara na Zanzibar, wakubaliane juu yake ni kidogo: mtambo mmoja, nusu saa alfajiri kabla vyombo havijatoka, nusu saa baada ya magharibi. Upepo na mawimbi kuanzia Moa hadi Mtwara visomwe kwanza, polepole, mara mbili. Habari za siasa zifuate baadaye.