Mchwa wa kichuguu si mchwa wa kabati

Mwandishi wa makala kuhusu milango inayoliwa na mchwa katika Mji wa Kale, hapa Mombasa, amewatia mchwa wote kapu moja aliposema dawa ni kuvunja vichuguu. Wa vichuguu, yaani Macrotermes, ni wakulima hasa. Wanatafuna nyasi na miti mikavu, kinyesi chao wanakijenga kuwa masega, na humo wanaotesha kuvu aina ya Termitomyces. Kuvu hiyo ndiyo inayovunja lignini, ile sehemu ngumu ya mti, kisha mchwa wanaila pamoja na sega kuukuu. Ubia huu ulianza hapa Afrika takriban miaka milioni 30 iliyopita. Uyoga unaochipuka kichuguuni baada ya mvua ni kuvu hiyo hiyo (mtamu jamani, kwa tui la nazi!). Majumbani wanaingia pia, sikatai, kwa vijia vya udongo ukutani.

Lakini mchwa wa mbao kavu, wanaotumalizia makabati hapa Mombasa, hawalimi kuvu wala hawana kichuguu. Wanaishi ndani ya ubao wenyewe; utawajua kwa chembe ngumu za kinyesi zinazomwagika chini. Hao uwavunjie kichuguu gani?