Osha Kwanza, Ndipo Uongeze

Wengi wanaopima athari ya viongezo vya kemikali kwenye pirolisisi, yaani kupasha joto mabaki ya mimea bila hewa, huanza kwa kuchanganya. Kwangu, huko ni kuanzia mwisho. Mmea wenyewe umeshabeba viongezo vyake: potasiamu, kalsiamu, magnesiamu. Mabua huwa nayo mengi kuliko mbao.

Potasiamu ndiyo yenye nguvu zaidi. Hata ikiwa asilimia 1 tu ya uzito, inabadilisha namna selulosi, kijenzi kikuu cha kuta za seli za mmea, inavyovunjika. Levoglukosani, sukari inayoganda kwenye kipozeo (chombo cha kupoza mvuke), hupungua sana. Maji, gesi na mkaa huongezeka. Kwa hiyo ukitia asilimia 1 kwenye mabua ambayo hayakuoshwa na usione tofauti, usiseme potasiamu haifanyi kazi. Ilikwisha kuifanya kabla hujafungua chupa.

Loweka gramu 100 za unga wa mabua uliopita chekecheo la milimita 0.5 katika lita 1 ya maji ya nyuzi 60 kwa saa 2, chuja, rudia. Maji yataondoa sehemu kubwa ya potasiamu. Kalsiamu nyingi hubaki, nayo huhitaji asidi hafifu. Baada ya asidi, suuza mpaka pH (kipimo cha uasidi) ya maji yanayotoka ilingane na ya maji uliyotia. Hapa usione uvivu: asidi iliyobaki ni kiongezo pia, na kwenye tanuri itanyonya maji ya selulosi na kuigeuza mkaa.

Kosa linaloniudhi zaidi liko kwenye ukaushaji. Umeyeyusha gramu 2 za kaboneti ya potasiamu, chumvi yenye potasiamu, katika mililita 300 za maji, ukachanganya na unga, ukauacha kama kichuguu kwenye nyuzi 105. Maji yanapopanda juu kukauka, huibeba chumvi. Asubuhi utakuta ukoko mweupe juu, na chini unga usio na kitu. Tandaza kwa kina cha sentimita 1, geuza kila nusu saa, kisha saga tena. Sampuli ya kulinganishia nayo ilowekwe kwenye maji matupu na ikaushwe vivyo hivyo.

Halafu kuna hesabu. Tuseme mkaa umepanda kutoka gramu 20 hadi 25. Karibu gramu 2 kati ya hizo 5 ni chumvi uliyoitia mwenyewe. Pima majivu ya mkaa wa sampuli zote mbili, yatoe, ndipo ulinganishe.